Kwa Nini Bobini Anatutazama Midomo

Benchi letu liko hatua chache mbele ya ukuta wa kinyozi, upande wenye kivuli, na mguu wake mmoja umetiwa jiwe lisiyumbe. Mimi nauza kahawa hapo, mtoto mgongoni, birika juu ya jiko la mkaa. Wateja wangu wa kudumu walikuwa watatu. Kuna Wembe, kinyozi mwenyewe, ambaye ana pengo mbele na huziba mdomo kwa kiganja kila anaposema. Kuna Redio, fundi wa simu, ambaye habari humfikia kabla haijatokea. Na kuna Gia Kubwa, aliyeendesha malori mpaka mgongo ukakataa, mwenye masharubu yanayoingia kikombeni kabla ya mdomo. Kiwanda cha nyuzi kilipofunga idara ya kusokota, akaongezeka wa nne, Bobini. Hukaa mwisho wa benchi tangu asubuhi, hachangii neno. Anatutazama midomo tu.

Asubuhi hiyo mkewe alipita na furushi la sare za shule kichwani. Yeye ni fundi cherehani, anashonea sebuleni kwao, na mimi naishi chumba cha pili, tunatenganishwa na ukuta. Alisimama nyuma ya benchi, nyuma ya mumewe, akaongea juu ya kichwa chake.

— Hamjambo, shemeji zangu?

— Hatujambo, shemeji. Karibu kahawa.

— Sikai. Nina neno. Kaka yake mkubwa amepiga simu. Kesho asubuhi anapita na gari kumchukua, akakae naye shambani. Anasema hapa mjini mawazo yatamuua. Sijamjibu.

— Na mwenyewe anasemaje? aliuliza Wembe, kiganja mdomoni.

— Mwenyewe? Jana nilimwambia nikiwa kwenye cherehani. Kimya. Nikarudia. Kimya. Nikamwambia, baba watoto, unanisikia? Akanijibu, "Imeiva."

— Nini kimeiva?

— Ndiyo na mimi najiuliza. Hakukuwa na chungu jikoni. Chakula anakula nusu, anatoka. Watoto wanampita kama kabati. Nimechoka kuongea na ukuta, shemeji zangu. Nyinyi ndio mnaoshinda naye, nyinyi ndio mnaomjua. Nikitoka kupeleka hizi sare mniambie, aende au abaki. Nitakachoambiwa nitafanya.

Akaenda. Bobini hakugeuka hata kidogo. Alikuwa anamtazama mwanangu, ambaye alikuwa amechomoza kichwa begani kwangu, na wote wawili walikuwa wanachezesha midomo bila sauti, wanacheka.

Redio alisubiri yule mama apinde kona.

— Jamani, tumepewa kesi.

— Kesi nyepesi hii, alisema Gia Kubwa. Mimi huu ugonjwa naujua. Lori likiegeshwa muda mrefu linaharibika kuliko linalotembea. Tairi zinapasuka, panya wanakula nyaya, na hakuna aliyeligusa. Binadamu ni hivyo hivyo.

— Kwa hiyo Bobini ana panya?

— Sikiliza, wewe. Damu ya mtu ina mazoea. Asubuhi inaamka, inakwenda kazini. Huyu ameachishwa kazi, lakini damu nani ameiambia? Damu yake imekwenda zake, imefika getini, imekuta kufuli. Iko huko mpaka sasa, inasubiri kufunguliwa. Hapa tumeletewa mwili tu. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

— Asali imeingiaje hapo, mzee? aliuliza Wembe.

— Imeingia. Ukikua utaelewa.

— Basi mimi nasema ni kichwa, alisema Wembe. Nimenyoa vichwa vya watu walioachishwa kazi, nawajua hata nikifumba macho. Nywele zao hazisimami. Unapitisha mashine, zinalala. Na kichwa kinakuwa kizito upande mmoja, upande ule uliokuwa unapanga kesho. Kesho haipo tena, basi kile chumba kinajaa maji. Haba na haba hujaza kibaba. Siku kikijaa, mtu anaanza kusema "imeiva."

— Kinatobolewa?

— Na nani? Mimi nina wembe, sina cheti.

Wakacheka. Bobini naye akacheka, kwa sababu wenzake walikuwa wanacheka. Hilo nililiona.

Redio aliweka chini simu aliyokuwa ameifungua tumbo.

— Nyote mnababaisha. Hii ni shida ya mnara. Simu ina chaji, laini nzima, kioo hakijapasuka, lakini mnara wake umezimwa. Utampigia mpaka kesho. Kiwanda ndicho kilikuwa mnara.

— Sasa dawa?

— Unaizima, unaiwasha. Mnamlaza siku kadhaa, giza, hakuna kumsemesha. Akiamka ameshika mnara mwingine.

— Akiamka ameshika mnara wa mbinguni, alisema Wembe.

Gia Kubwa hakucheka. Alifuta masharubu kwa mgongo wa mkono.

— Msifanye mchezo, jamani. Mimi nilipoacha lori, asubuhi miguu ilikuwa inatafuta pedeli sakafuni. Mke wangu akinituma dukani nilikuwa naona haya. Mchana ni wa wanawake, watoto na wagonjwa. Mwanamume ukionekana na kikapu mchana, kila mtu anakuuliza, "Leo hukwenda?" Hukwenda wapi? Unaanza kusema uongo mdogo mdogo. Uko likizo. Gari liko gereji. Mwisho unajifungia ndani. Presha niliyo nayo sikuipata barabarani. Niliipata kitandani, nimelala chali, nahesabu mabati.

Nikamjazia kikombe bila kuombwa.

— Ulitokaje? aliuliza Redio.

— Nilikuja hapa. Nikawakuta nyinyi wapumbavu, nikaona kumbe mimi nina afadhali.

— Sasa Bobini naye si yuko hapa? Mbona hapati afadhali?

Hilo liliwashinda. Wakageuka wote watatu kumtazama. Bobini akawatazama midomo, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayefuata mpira.

— Mnaona macho hayo? alinong'ona Redio. Hakutazami machoni hata siku moja. Anatazama mdomo.

— Ana njaa, alisema Gia Kubwa.

— Njaa gani, na nyumbani anaacha sahani? Anahesabu meno, nawaambia. Watu wakianza kuchanganyikiwa wanahesabu vitu.

— Mimi ananidharau, alisema Wembe. Kila nikianza kusema, anageuza uso. Kila siku. Nina pengo, sawa, lakini ndiyo ya kugeuziwa uso? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ndiyo maana kutwa amekaa.

— Subirini nimpime, alisema Redio.

Akainamia simu yake, akaanza kukaza skrubu, akauliza bila kuinua kichwa.

— Bobini, umekula?

Bobini aliona tumemgeukia.

— Salama, alisema.

— Unataka kwenda kwa kaka yako?

— Salama.

— Nyumba yako inaungua, Bobini.

— Salama, tunashukuru.

Wembe alicheka mpaka akasahau kuziba pengo. Gia Kubwa alitikisa kichwa kama daktari aliyemaliza kazi.

— Mmeona wenyewe. Huyu aende. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Apelekwe mbali, fimbo ya mawazo isimfikie.

— Kwa hiyo Bobini ndiye nyoka?

— Nyoka ni... wewe usinichanganye. Aende.

— Shambani kuna hewa, alisema Wembe. Hewa inakausha yale maji ya kichwa. Aende.

— Aende, alisema Redio. Na sisi tupate pa kunyoosha miguu. Benchi limekuwa dogo.

Wakawa wameafikiana. Sikupenda, lakini mimi si msemaji, na mtu hukumbuka la kusema wengine wakishakwenda. Nikaosha vikombe.

Hapo ndipo yule mwanamke mrefu alipotokea ng'ambo ya barabara. Alikuwa na mfuko begani na viatu vya raba. Barabara ilikuwa imejaa, lori la kokoto linanguruma, pikipiki zinapiga honi, na fundi wa vyuma jirani alikuwa anakata bomba. Mwanamke alisimama ukingoni, akatutazama, akamwona Bobini. Akachezesha mdomo. Sauti haikutoka.

Bobini aliruka kama aliyekaa juu ya kaa la moto.

Akachezesha mdomo naye. Mkono ukapanda, vidole vikazunguka, vikakata kitu hewani. Mwanamke akajibu kwa mdomo na bega. Lori likapita katikati yao. Lilipoondoka wote wawili walikuwa bado wanaendelea. Bobini akapiga kofi paja, akacheka, kicheko kikubwa ambacho hatukuwahi kukijua.

— Anaongea! alisema Wembe.

— Anaongea na nani?

— Na yule dada pale.

— Mbona mimi sisikii kitu?

— Hata mimi, alisema Gia Kubwa, akajichokoa sikio kwa kidole.

— Ni jini, alisema Redio, akavuta vifaa vyake karibu.

Jini akavuka barabara. Akasalimia kwa sauti kubwa, kama mtu anayeita kutoka mlimani, akaketi nafasi aliyoachiwa, akaomba kahawa. Nilipompa kikombe alinitazama mdomo.

— Samahanini, nitapiga kelele, alisema. Sikio hili ni pambo tu. Mimi na huyu tulikuwa mashine zinazotazamana. Nimemtafuta sana.

— Mlikuwa mnaongea lugha gani pale? aliuliza Redio.

— Hii hii ya kwetu. Kule ndani mashine zikishaanza hata ukimwita mwenzako kwenye sikio hasikii. Unajifunza kusoma mdomo, na yasiyosomeka unamalizia kwa mkono. Tulikuwa tunamsengenya msimamizi kutoka mashine ya kwanza mpaka ya mwisho, yeye amesimama katikati hajui! Tunachumbiana, tunaombana chumvi, tunatongozana. Harusi ngapi zimefungwa kwa midomo mitupu. Lakini masikio yanakwisha, ndugu zangu. Taratibu, hujui yanakwenda lini. Kule ndani huoni hasara, maana hakuna anayeyatumia. Unakuja kuiona siku wakikufungia geti.

— Kwa hiyo Bobini hasikii? aliuliza Gia Kubwa.

Mwanamke alimtazama masharubu, akasubiri, akamgeukia Wembe.

— Mzee anasema nini?

— Anauliza kama Bobini hasikii, alisema Wembe, kiganja mdomoni.

— Na wewe umesema nini?

Ikabidi mimi nirudie. Nilirudia nikiona haya, lakini alinielewa mara ya kwanza.

— Hasikii, alisema. Kwani hamkujua? Huyu mwenye masharubu sidhani kama ameshamwelewa hata siku moja.

— Mimi? Mimi ndiye niliyempa ushauri kuliko wote!

Wembe alimrudishia hilo yule dada, safari hii mkono uko chini.

— Basi ndiyo maana bado mzima, dada akajibu.

Benchi zima likacheka, hata Gia Kubwa mwenyewe. Kisha mwanamke akapuliza kahawa yake, akauliza kwa upole, kama anayeuliza njia.

— Huwa anashinda hapa, nimeambiwa. Mnazungumza naye nini?

Gia Kubwa alimtazama Wembe. Wembe alimtazama Redio. Redio aliokota skrubu ambayo haikuwa imeanguka.

Bobini ndiye aliyesema. Hakuipima sauti yake, na mtaa mzima ulisikia.

— Nyinyi mnaongea watatu kwa pamoja! Nikimfuata huyu, yule ameshamaliza. Kutwa macho yananiuma. Nikichoka, nasema salama.

— Sasa kwa nini hukutuambia, ndugu yangu? aliuliza Wembe, polepole, meno yote nje na pengo lake.

— Niseme mimi kiziwi? Mtaa ujue? Nani atampa kazi kiziwi?

Fundi wa vyuma alizima mashine yake, akatuchungulia. Bobini hakujua.

— Na wewe, Redio, nimekuona. Mdomo wako mwepesi kusomeka kuliko wote. Niende, mpate pa kunyoosha miguu.

— Ilikuwa utani, kaka.

— Sawa, utani. Kila mmoja leo anasema aende, aende. Nimeona. Sasa niambieni. Niende wapi?

Ilikuwa safari yake, na sote tuliijua isipokuwa yeye. Nilifikiri, mtu akishaachishwa kazi, kumbe hata habari zake mwenyewe zinaweza kumpita.

— Niende wapi? alirudia.

Mkewe alitokea kona wakati huo, furushi limekwisha, mikono mitupu. Alimwona mumewe amesimama, anaongea. Akamwona mwanamke mrefu kando yake. Akapunguza mwendo.

— Kumbe mdomo anao, alisema. Nyumbani ndiko hautumiki.

— Shemeji, subiri kwanza... alianza Redio.

— Nisubiri nini? Nauliza tu. Huyu dada ni nani? Maana mimi naambulia "imeiva," halafu hapa watu wanachekeshwa.

Alikuwa amesimama tena nyuma ya mumewe, na Bobini alikuwa amempa mgongo, anamsubiri Redio amjibu. Mwanamke mrefu hakukasirika. Aliinuka, akamshika yule mama mkono, akamzungusha mbele.

— Mimi ni wa kiwandani, mama. Mumeo masikio yamekwisha, kama yangu. Simama hapa, jua likupige usoni. Usipige kelele, kelele inapinda mdomo. Sema polepole, anakusoma.

— Masikio?

— Masikio. Ukiwa nyumbani unaongea naye umesimama wapi?

Mkewe alishika ukosi wa gauni lake, pale anapochomeka pini.

— Nashona, alisema. Nimempa mgongo, natazama dirisha. Na pini mdomoni.

— Basi alikuwa anakusoma kisogo.

— Zamani alikuwa anarudi giza limeingia, amechoka. Tunakula, tunalala. Sikuona tofauti. Tangu afungiwe, nimemsema kila siku. Nilidhani ananidharau.

Alimtazama mumewe. Akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Hakutoa sauti. Nadhani alikuwa ameamua kufanya kama wale wa kiwandani. Alisema maneno machache, taratibu, na mkono wake ukaonyesha mbali, ng'ambo ya mji, halafu ukashika usukani wa gari ambalo halikuwepo.

— Kwa kaka? alisema Bobini. Shambani? Siendi! Kule nitamsoma nani midomo, mahindi?

— Jamani, alisema Gia Kubwa, akavuta masharubu kando kwa vidole viwili ili asomeke, mimi tangu mwanzo nilisema abaki.

Hakuna aliyemjali. Mwanamke mrefu aliwaambia kilichomleta. Wale wa idara ya kusokota waliofungiwa sasa hukutana uani kwake, baada ya chakula cha mchana. Kazi hakuna aliyepata. Mmoja presha imepanda, mwingine mkewe ameondoka. Wanakaa, wanasengenya, wanarudi makwao.

— Njoo, alimwambia Bobini. Na mama naye aje, ajifunze. Akija akiwa amekuudhi, tutamsoma.

— Nitampigia kaka yake, alisema mkewe, kwa sauti, kwa ajili yetu. Asipite kesho.

Kisha akamgeukia tena mumewe. Akasogea karibu, karibu kuliko ilivyohitajika. Mdomo wake ukaenda tena bila sauti, na safari hii mkono haukuonyesha kitu. Yalikuwa maneno marefu kidogo. Katikati alisita, akaanza upya. Bobini alimtazama kwa namna ambayo hajawahi kututazama sisi.

— Hata mimi, alisema. Hakuisema kwa kelele.

Wakaondoka pamoja. Mama alitembea kinyumenyume hatua za kwanza, uso kwa mumewe, bado anachezesha mdomo, akamkanyaga Redio mguu, asiombe radhi.

Sisi tulibaki tumekaa. Benchi lilikuwa na nafasi. Hakuna aliyenyoosha mguu.

— Kamwambia nini? aliuliza Gia Kubwa.

— Mimi sikusikia, alisema Wembe.

— Hakuna aliyesikia, bwana. Nauliza kamwambia nini.

Redio alimgeukia mwanamke mrefu. Alijitahidi, aliweka uso wake kwenye mwanga, akasema neno moja moja.

— Dada, wewe unasoma. Yule mama kamwambia nini mumewe?

Mwanamke alinikabidhi kikombe kitupu, akatundika mfuko wake begani.

— Mimi nilikuwa upande wa kisogo, alisema. Nilikuwa kiziwi pamoja na nyinyi.